Kudai fidia ya madhara ya akili baada ya uhalifu Uingereza: hatua kwa hatua

Aliyechomwa kisu ana kovu la kuonyesha. Aliyewekewa kisu shingoni kisha akanyang'anywa simu hana kovu, ila miezi minane baadaye bado hapandi basi usiku, analala taa ikiwaka, na kazini ameshapewa onyo kwa kukosa siku. Mpango wa serikali wa kufidia majeruhi wa uhalifu, unaotumika England, Wales na Scotland, unamhesabu huyu wa pili kuwa majeruhi sawa na wa kwanza. Kazi yake ni ngumu zaidi, maana anatakiwa kuthibitisha jeraha lisiloonekana. Madai mengi ya aina hii yanakwama mahali pamoja: mdai anasema kweli, lakini jalada lake la hospitali halisemi anachokisema.

Yanayofuata yanahusu Mpango wa mwaka 2012, ulioanza kutumika tarehe 27 Novemba mwaka huo, unaosimamiwa na mamlaka inayojulikana kwa kifupi kama CICA, yenye makao Glasgow. Ireland ya Kaskazini ina mpango wake peke yake, kwa hiyo viwango na tarehe za humu zisipelekwe huko. Uhalifu uliotendeka nje ya nchi nao haumo: ukivamiwa Mombasa au Dar es Salaam ukiwa likizo, hata kama una pasipoti ya Uingereza, mlango huu si wako.

Pesa inatoka serikalini, haitoki mfukoni mwa mhalifu. Haijalishi kama hajulikani, ametoroka, hakushtakiwa au mahakama imemwachia. Mahakama ya jinai inataka ushahidi usioacha shaka. CICA inauliza tu lipi lina uwezekano mkubwa zaidi kuwa ndilo lililotokea. Kwa sababu hiyo usisubiri kesi iishe ndipo udai. Wanaosubiri ndio wanaopitwa na muda.

HATUA YA 1: Hakikisha tukio lako linaingia

Mpango unalipa madhara yaliyotokana na uhalifu wa kutumia nguvu. Humo mna kupigwa, kushambuliwa kwa silaha, kubakwa na unyanyasaji mwingine wa kingono bila ridhaa, na kuchomewa moto kwa makusudi. Hapa wengi hawajui: kitisho peke yake kinatosha, bila kuguswa, mradi kilikutia hofu ya kudhuriwa papo hapo, na mtu mwingine mwenye moyo wa kawaida angeogopa vilevile. Kisu, bunduki hata ya bandia, au mtu anayevunja mlango wako huku akisema atakuua, vyote vinaweza kuingia.

Yasiyoingia ni mengi pia. Kutapeliwa, kuibiwa nyumba ikiwa tupu, kutukanwa mtandaoni, kutishwa kwa simu na mtu aliye mji mwingine: vinaumiza, lakini havina hofu ya nguvu za papo hapo. Ajali ya gari haimo ila gari likitumiwa kwa makusudi kama silaha. Mbwa akikung'ata, lazima awe ametumwa.

Kuna kundi la pili, la walioona. Mama aliyekuwapo mwanawe akichomwa kisu, au aliyefika dakika chache baadaye akamkuta chini kwenye damu, anaweza kudai kwa madhara yake mwenyewe ya akili. Masharti ni matatu: aliyeumia awe mtu wako wa karibu wa mapenzi na damu au ndoa au urafiki wa namna hiyo, uwe ulikuwapo wakati wa tukio au mara tu baada yake, na uwe umeshuhudia kwa macho yako. Aliyepigiwa simu akaambiwa, au aliyefika hospitali kesho yake, hahesabiwi hata kama amevunjika moyo kuliko wote. Ni sharti kali na linaonekana halina huruma, ila ndivyo lilivyoandikwa. Kama ndugu amefariki, kuna malipo mengine ya msiba kwa familia ya karibu: pauni 11,000 akiwa mwenye haki ni mmoja, au pauni 5,500 kwa kila mmoja wakiwa zaidi. Hayo hayahitaji uthibitisho wa ugonjwa wa akili.

Upande wa makazi, inatosha kuwa siku ya tukio Uingereza ndiko ulikokuwa unaishi kwa kawaida. Si lazima uwe raia. Aliyekuja kutembea kwa viza ya wiki chache kwa kawaida hana haki, isipokuwa akiwa jamaa wa karibu wa raia wa Uingereza au akiwa raia wa nchi iliyoingia kwenye Mkataba wa Baraza la Ulaya wa kufidia majeruhi wa uhalifu. Anayeomba hifadhi, na aliyesafirishwa kwa magendo ili atumikishwe, wana kifungu chao: dai linaweza kupokelewa na kuwekwa kando hadi hali yao iamuliwe.

Kisha jiulize maswali mawili kabla ya kupoteza muda. La kwanza: una hukumu ya jinai ambayo bado haijafutika kisheria? Ikiwa ilikuwa kifungo au adhabu ya kutumikia jamii, dai linakataliwa moja kwa moja, hata kama kosa lile halihusiani kabisa na tukio hili. Hukumu nyepesi zaidi hupunguza malipo au huyafuta. La pili: je, aliyekuumiza ni mtu mzima mliyekuwa mkiishi naye kama familia? Hulipwi mpaka muwe mmetengana na hakuna dalili ya kurudiana. Mpango hautaki pesa iishie kwa aliyetenda.

HATUA YA 2: Polisi, na kubaki na polisi

Bila taarifa ya polisi hakuna dai. Taarifa kwa mwalimu, afisa ustawi, imamu au mchungaji haihesabiki kuwa taarifa ya polisi. Inatakiwa itolewe mapema kadiri ilivyowezekana. Hakuna saa zilizowekwa, na CICA inatakiwa kuzingatia umri wako na jinsi tukio lilivyokuathiri, lakini ukichelewa miezi, andika sababu na uwe na karatasi ya kuiunga mkono.

Utapewa namba ya kumbukumbu ya kosa, ile ambayo Mtanzania angeiita RB na Mkenya angeiita namba ya OB. Iandike mahali pawili. Andika pia jina la kituo na la afisa anayeshughulikia jalada. Wakati wa kutoa maelezo, sema yaliyokupata rohoni pia. Maelezo ya polisi yanayosema tu "alinisukuma akachukua begi" hayatakusaidia mwaka mmoja baadaye unapodai kuwa uliona kifo. Kama alisema "nitakuchinja", yaandike maneno yenyewe.

Sasa lile linaloharibu madai mengi ya watu wetu: kumalizana. Wazee wanakaa, aliyekosa anaomba radhi, mwathirika anaambiwa akafute maelezo polisi ili jina la familia lisichafuke. Akifuta, amevunja sharti la kushirikiana na vyombo vya sheria, na CICA inaweza kumnyima yote. Kama ulifuta kwa kutishwa, au kwa sababu akili yako haikuweza kubeba mahakama, si mwisho wa dai. Lakini lazima kuwe na kumbukumbu ya sababu hiyo kwa daktari, polisi au shirika la kusaidia waathirika, iliyoandikwa wakati ule ule.

HATUA YA 3: Daktari wako wa familia, mapema na kwa maneno ya wazi

Hii ndiyo hatua inayobeba dai zima, na ndiyo inayofanywa ovyo kuliko zote. Kila kitakachofuata, yaani barua ya CICA, tathmini ya mtaalamu, hata rufaa, kitaanzia kwenye kile ambacho daktari wa familia aliandika kwenye kompyuta yake katika dakika 10 hivi za miadi.

Mswahili akiulizwa hali hujibu "nzuri" kwanza, ndipo aeleze msiba wake. Barazani hiyo ni adabu. Kwa daktari inaandikwa kama ilivyo: mgonjwa anasema yuko vizuri. Vilevile, wengi wetu tunauweka uchungu wa akili mwilini. Tunasema kichwa kinauma, mwili hauna nguvu, moyo unaenda mbio, tumbo linasokota. Daktari anaandika maumivu ya kichwa, anatoa panadoli, na mwaka mmoja baadaye jalada halina hata neno moja la kiwewe. Msomaji wa CICA akilifungua ataona mtu mwenye kipandauso.

Kwa hiyo nenda na karatasi. Andika kabla, kwa sentensi fupi, na usome ukibidi:

– Tarehe ya tukio na nini kilitokea, kwa sentensi moja. Uhusiano kati ya tukio na dalili lazima uonekane kwenye jalada.
– Usingizi: saa ngapi kwa usiku, ndoto mbaya mara ngapi kwa wiki, unaamka vipi.
– Picha za tukio zinazorudi mchana bila kuitwa, na kinachoziamsha: harufu, sauti ya pikipiki, mtu mwenye kofia.
– Unachokiepuka: basi, mtaa ule, lifti, kukaa peke yako, kufungua mlango.
– Kazi au masomo: siku ulizokosa, makosa uliyofanya, onyo, kupunguza saa.
– Nyumbani: hasira kwa watoto, kukimbia watu, tendo la ndoa. La mwisho ni gumu kulitamka, lakini mpango wenyewe unalitaja kama moja ya njia ambazo madhara ya akili yanaonekana.
– Pombe, mirungi au dawa za usingizi unazotumia sasa na hukuwa ukitumia.
– Mawazo ya kujidhuru, kama yapo. Haya yasisubiri miadi: piga 111, au 999 kama hatari iko karibu.

Omba mkalimani unapopanga miadi. Huduma ya afya ya taifa ndiyo inayomlipa, si wewe. Usimtumie mtoto wako kutafsiri, wala mume au mke kama yeye ndiye chanzo cha madhara, maana utaacha nusu ya maneno mdomoni. Mwambie mkalimani pia asipambe: ukisema "nahisi kama nakufa", isigeuke kuwa "anajisikia vibaya".

Rudi. Ziara moja inathibitisha kuwa ulikuwa vibaya siku moja. Mpango unapima muda, kwa hiyo jalada linalotaka kusema "wiki 28" lazima liwe na alama mwanzoni, katikati na mwishoni. Ziara za mwezi wa kwanza, wa tatu na wa saba zina nguvu kuliko ziara tano ndani ya wiki mbili kisha kimya. Kombe la sheikh au maombi ya mchungaji yanaweza kukutuliza na hakuna anayekukataza, ila hayaandiki jalada. Ukienda huko, mwambie daktari kuwa umeenda na kwa nini. Nayo ni ushahidi kuwa unateseka.

Mwombe daktari akupeleke kwenye tiba. England unaweza pia kujiandikisha mwenyewe kwenye huduma ya taifa ya tiba ya mazungumzo bila barua yake. Foleni zinaweza kuwa ndefu. Ingia kwenye foleni mapema na utunze barua inayoonyesha tarehe uliyoingia.

HATUA YA 4: Peleka dai ndani ya miaka 2

Muda ni miaka 2 tangu siku ya tukio. Si tangu hukumu, wala tangu ulipogundua kuwa unaumwa. Aliyekuwa chini ya miaka 18 wakati wa tukio ana hesabu tofauti: kama polisi waliambiwa kabla hajafika 18, anaweza kudai hadi anapotimiza miaka 20, kama hawakuambiwa, ana miaka 2 tangu siku alipotoa taarifa yeye mwenyewe akiwa mtu mzima.

Muda ukipita, CICA inaweza kuuongeza kwa masharti mawili yanayokwenda pamoja: kulikuwa na sababu ya kipekee iliyokuzuia, na ushahidi uliopo unatosha kuamua bila uchunguzi mrefu. Ugonjwa wa akili wenyewe unaweza kuwa sababu hiyo, mradi daktari aandike kuwa katika miezi fulani hadi fulani hukuweza kushughulikia jambo kama hili. "Sikujua kama mpango huu upo" peke yake mara chache hutosha.

Huna haja ya kupona wala kujua ugonjwa wako unaitwaje ndipo udai. Ukifika wiki ya sita dalili zikiwa bado zinakuzuia maisha, peleka.

HATUA YA 5: Fomu

Inajazwa kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, bure. Asiyeweza kutumia intaneti anaweza kupiga simu CICA. Weka mezani kabla ya kuanza: tarehe na mahali pa tukio, namba ya polisi, jina na anwani ya daktari wa familia, orodha ya kliniki zote ulizopitia, anwani zako za miaka ya karibuni, na taarifa za malipo au kesi nyingine yoyote kuhusu tukio hilo.

Kosa la kawaida ni kuandika jino lililovunjika na kuacha akili, kwa fikira kuwa itajionyesha yenyewe. Haijionyeshi. Kwenye swali la madhara ya akili jibu ndiyo, taja muda yaliyodumu, na eleza kwa mifano ya kazi za kila siku usizoweza. "Nina msongo sana" haina uzito. "Tangu Machi siendi dukani peke yangu, mke wangu ndiye anayenisindikiza, na nimeacha zamu za usiku" ina uzito. Kila unachoandika kilingane na maelezo ya polisi na jalada la daktari. Tofauti ndogo ya tarehe inaeleweka, lakini silaha inayobadilika kutoka kisu hadi bastola itakugharimu.

Huhitaji wakili. Akiwepo, CICA hailipi gharama yake, na wengi wanachukua sehemu ya fidia yako. Shirika la Victim Support kwa England na Wales, na Victim Support Scotland kwa huko, husaidia bila malipo. Dai la mtoto hupelekwa na mzazi au mlezi wa kisheria, na pesa yake kwa kawaida huwekwa kwenye akaunti yenye riba hadi afike miaka 18.

HATUA YA 6: Ushahidi wa mtaalamu

Baada ya miezi kadhaa CICA itaandika kuomba ushahidi wa tiba. Ushahidi wa awali unautafuta wewe, na unategemewa kulipia hadi pauni 50 kama daktari anatoza. Kabla ya kulipa chochote, omba nakala ya jalada lako lote la afya. Sheria ya taarifa binafsi inakupa bure, kwa kawaida ndani ya mwezi mmoja. Lisome. Kama daktari aliandika jambo kimakosa, omba arekebishe au aweke maelezo yako pembeni sasa, kabla halijafika Glasgow.

Sharti kubwa ni hili: madhara ya akili lazima yathibitishwe na daktari bingwa wa magonjwa ya akili au mwanasaikolojia wa kliniki. Daktari wa familia hatoshi. Mshauri nasaha hatoshi. Hata mtaalamu wa tiba ya mazungumzo aliyekaa nawe vikao 12 hatoshi kama hana sifa hizo, ingawa barua yake inasaidia kuonyesha muda na ukali. Kama humwoni bingwa yeyote, iambie CICA. Inaweza kukupangia tathmini kwa mwanasaikolojia wa kliniki na kuilipia.

Mtaalamu huyo anatafuta majibu matatu. Una ugonjwa gani: mfadhaiko wa baada ya kiwewe, sonona, wasiwasi uliopindukia, au kingine. Je, umetokana na tukio hili. Umedumu muda gani na utadumu muda gani. Jibu la tatu ndilo linalopanga pesa. Nenda na daftari lako la dalili, barua za kazini, na mtu anayeishi nawe kama ataruhusiwa kueleza anachokiona. Usijikaze kiume, na usiigize. Wataalamu hawa wana vipimo vya kutambua majibu yaliyotiwa chumvi.

Ulikuwa na maradhi kabla? Aliyepitia vita Kivu au Burundi, au aliyewahi kutibiwa sonona kabla ya tukio, asifiche. Jalada litasema kabla yake, na mficho utafanya mengine yote yasiaminiwe. Kanuni ni kwamba unalipwa kwa kiasi ambacho tukio limeongeza au limeharakisha ugonjwa uliokuwapo. Kwa hiyo onyesha tofauti: kabla ulikuwa unafanya kazi siku tano, sasa huwezi, kabla uliota vita mara moja kwa mwezi, sasa kila usiku na sura ni ya mshambuliaji wa Birmingham.

Kama kuna tiba uliyopewa ukaikataa, tegemea mtaalamu aandike kuwa ungeweza kupona na kwamba ni mapema kuita ugonjwa huo wa kudumu. Kama uliikataa kwa sababu, mfano hapakuwa na mkalimani, sema.

HATUA YA 7: Hesabu

Neno linalobeba kila kitu ni ulemavu: madhara yaliyopunguza kwa kiasi kikubwa uwezo wako wa kufanya mambo ya kawaida ya kila siku. Huzuni na hofu za kawaida, hata zikiuma, haziingii. Viwango ni hivi:

– Wiki 6 hadi chini ya wiki 28: pauni 1,000
– Wiki 28 hadi chini ya miaka 2: pauni 2,400
– Miaka 2 hadi chini ya miaka 5: pauni 6,200
– Miaka 5 au zaidi lakini si wa kudumu: pauni 13,500
– Wa kudumu, wa wastani: pauni 19,000
– Wa kudumu, mkali: pauni 27,000

Ona hatua kati ya pauni 2,400 na 6,200. Neno moja la mtaalamu, "miezi 20" au "zaidi ya miaka 2", lina thamani ya pauni 3,800. Ripoti ikija, soma sentensi ya muda kabla ya nyingine zote.

Ukiwa na majeraha zaidi ya moja, kubwa linalipwa lote, la pili asilimia 30, la tatu asilimia 15, mengine sifuri. Jeraha la mwili la kiwango cha pauni 6,200 likiambatana na la akili la pauni 2,400, la akili linaleta pauni 720 na jumla ni 6,920.

Unyanyasaji wa kingono una kanuni yake: hulipwi kwa kitendo na kwa madhara ya akili kama vitu viwili, bali kwa kile chenye kiwango cha juu. Kubakwa na mtu mmoja ni pauni 11,000 bila kuhitaji kuthibitisha ugonjwa wa akili, na maradhi ya akili ya kudumu yaliyotokana na ubakaji yana viwango vyake vya juu zaidi. Mimba au ugonjwa wa zinaa ulioambukizwa huongezwa juu.

Mshahara uliopotea unalipwa kuanzia wiki ya 29 tu, kwa kiwango cha malipo ya ugonjwa ya kisheria wala si cha mshahara wako, na lazima uwe ulikuwa kazini siku ya tukio au umefanya kazi mfululizo miaka 3 kabla yake, au una sababu nzuri ya kutokuwa kazini, kama masomo. Fidia yote pamoja haivuki pauni 500,000, ukomo ambao dai la akili peke yake halitaukaribia.

HATUA YA 8: Uamuzi, mapitio, rufaa

Uamuzi unaweza kuchukua mwaka au zaidi. Ukihama nyumba, itaarifu CICA. Barua iliyokwenda anwani ya zamani inaanza kuhesabiwa siku bila wewe kujua.

Una siku 56 tangu tarehe ya barua kukubali au kuomba mapitio. Mapitio hufanywa na afisa mwingine anayeanza upya, na anaweza kupandisha, kuacha au hata kushusha. Usiombe kwa hasira tu. Omba ukiwa na kitu kipya: ripoti ya bingwa, ukurasa wa jalada ambao hawakuuona, maelezo ya kwa nini ulifuta maelezo polisi. Ukishindwa tena, una siku 90 kupeleka rufaa kwenye baraza huru la rufaa. Huko kwa kawaida unasikilizwa faraghani, mkalimani anapatikana ukimwomba, na hakuna ada. Baraza nalo linaweza kupunguza.

Siku 56 zikikubana ukisubiri ripoti ya bingwa, omba nyongeza kwa maandishi kabla hazijaisha.

HATUA YA 9: Pesa ikifika

Kama mahakama iliamuru mhalifu akulipe, au ulishinda kesi ya madai, kiasi hicho kinakatwa. Kikija baadaye kwa jeraha lilelile, unarudisha.

Wanaopokea Universal Credit, yaani msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, wawe macho. Akiba inayozidi pauni 6,000 hupunguza malipo, na inayozidi 16,000 huyasimamisha. Fidia ya majeraha haihesabiwi kwa miezi 12 ya kwanza, na ikiwekwa kwenye amana maalumu ya fidia ya majeraha (personal injury trust) haihesabiwi hata baada ya hapo. Amana hiyo ifunguliwe kabla pesa haijachanganyika na akiba nyingine, na ofisi ya malipo iarifiwe kwa maandishi siku pesa inapoingia.

Hali ikizorota baada ya uamuzi, kwa mfano ulilipwa kwa kiwango cha chini ya miaka 2 na mwaka wa tatu ukalazwa, dai linaweza kufunguliwa upya. Lazima hali yako ya kiafya iwe imebadilika kiasi kwamba kuacha malipo ya awali kungekuwa dhuluma. Omba ndani ya miaka 2 tangu uamuzi wa mwisho. Baada ya hapo wanapokea tu kama ushahidi ulionao unatosha bila wao kuchimba zaidi. Kwa hiyo endelea kumwona daktari hata baada ya kulipwa, na barua ya CICA yenye tarehe ya uamuzi iweke pamoja na ya hospitali.